Powderly: Kijana wa reli aliyekuwa meya na kupigania ushirika

KATIKATI ya miaka ya 1880, wafanyakazi wa Marekani waliojiunga katika chama kimoja waliamua kumiliki mgodi wao wenyewe wa makaa ya mawe, katika kijiji cha Cannelburg, jimbo la Indiana. Walitumia kiasi cha dola 20,000 kununua ardhi, kufunga vifaa, kutandika reli ndani ya eneo lao na kupasua mbao. Wakachimba makaa ya thamani ya dola 1,000. Baada ya hapo wakakaa miezi tisa bila kusafirisha mzigo wowote.

Hawakuwa wavivu. Kilichokosekana ni kuunganishwa kwa kipande chao cha reli na njia kuu ya treni, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya reli. Kampuni haikuwa na haraka.

Mkuu wa chama hicho alikuwa Terence Vincent Powderly. Pengine hakuna kiongozi wa zama zake aliyepaswa kuelewa tatizo hilo kuliko yeye, kwani alianza maisha ya kazi akiwa na umri wa miaka 13, akigeuza njia za treni.

Mtoto wa wahamiaji

Powderly alizaliwa Januari 22, 1849, katika mji wa Carbondale, jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki kutoka Ireland waliohamia Marekani katika miaka ya 1820. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya watoto 12.

Carbondale ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na makaa hayo yalihitaji reli ili yafike sokoni. Kampuni ya Delaware and Hudson ilikuwa na vyote viwili: migodi na njia ya kusafirishia. Kwa kijana wa familia kubwa isiyo na mali, hapakuwa na waajiri wengi wa kuchagua.

Akiwa na miaka 13 alipewa kazi ya kugeuza reli ili mabehewa yaingie njia inayotakiwa. Baadaye alikagua mabehewa, akayatengeneza, na akafanya kazi ya kufunga breki. Agosti 1866, akiwa na miaka 17, alianza kujifunza ufundi wa mitambo katika karakana ya kampuni. Alimaliza mafunzo hayo baada ya miaka mitatu, mwaka 1869, kisha akahamia Scranton, mji mkubwa zaidi ulio jirani.

Mwezi Septemba mwaka huohuo wa 1869 ulitokea msiba mkubwa katika mgodi wa Avondale, si mbali na hapo. Moto uliziba mlango pekee wa mgodi na watu 110 wakafa. Jimbo la Pennsylvania lilitunga sheria ya usalama migodini mwaka uliofuata, lakini kwa familia za marehemu sheria hiyo ilikuja ikiwa imechelewa.

Powderly alikuwa na miaka 20. Miaka mingi baadaye alieleza kuwa ni pale Avondale, alipomsikiliza kiongozi wa wachimbaji John Siney akihutubia, ndipo alipoona kwamba mfanyakazi akiwa peke yake hana kinga yoyote.

Kufukuzwa kazi

Mwaka 1871 alijiunga na chama cha mafundi mitambo na wahunzi. Alikuwa na mwandiko mzuri, alijua kutunza kumbukumbu na hakunywa pombe. Haikuchukua muda akachaguliwa katibu wa tawi, kisha mwenyekiti. Mwaka 1872 alimwoa Hannah Dever.

Septemba 1873 benki ya Jay Cooke, iliyokuwa imezamisha fedha nyingi katika ujenzi wa reli, ilianguka. Benki nyingine zikafuata, viwanda vikafungwa na Marekani ikaingia katika mdororo wa uchumi uliodumu miaka kadhaa. Kampuni zilipopunguza wafanyakazi, viongozi wa vyama ndio waliotangulia kutolewa. Powderly alikuwa miongoni mwao.

Aligundua upesi kuwa jina lake lilikuwa limesambazwa kwa waajiri kama mtu asiyetakiwa. Akaenda kutafuta kazi Canada, kisha Ohio, kisha upande wa magharibi wa Pennsylvania kulikokuwa na visima vya mafuta. Kila alipopata kibarua, hakikudumu. Fundi aliyehitimu alizunguka kama mtu asiye na ujuzi wowote.

Alirejea Scranton akiwa amejifunza jambo moja. Ujuzi ni mali, lakini ikiwa karakana, zana na reli ni vya mtu mwingine, mali hiyo inaweza kufungiwa nje kwa siku moja.

Meya akiwa na miaka 29

Julai 1877 wafanyakazi wa reli waligoma katika majimbo mengi baada ya mishahara kukatwa. Huko Scranton mgomo uliwaingiza pia wachimbaji na wafanyakazi wa kiwanda cha chuma. Agosti 1 umati ulipambana na kikosi cha raia wenye silaha, na watu wanne wakapigwa risasi na kufa. Meya wa wakati huo, Robert McKune, alijeruhiwa katika vurugu hizo.

Wafanyakazi walirudi kazini bila kupata walichodai, lakini walikuwa na kura. Februari 1878 walimchagua Powderly kuwa meya kwa tiketi ya chama cha Greenback-Labor. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Chama hicho kinastahili maelezo, kwa sababu wakulima walikuwa nguzo yake kubwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Serikali ya Marekani ilikuwa inapunguza noti za karatasi ili kurejea kwenye fedha inayolindwa na dhahabu. Bei za mazao zikawa zinashuka mwaka hadi mwaka. Mkulima aliyekopa wakati ngano ina bei nzuri alilazimika kulipa kwa magunia mengi zaidi, ingawa kiasi cha deni kwenye karatasi hakikubadilika. Kwa hiyo wakulima wenye madeni na mafundi wasio na kazi walikutana katika dai moja: fedha iongezwe katika mzunguko.

Meya wa Scranton hakuwa na uwezo wa kubadili sera ya fedha ya nchi. Alikuwa na mji wenye watu zaidi ya 45,000, polisi, mitaa yenye matope na masuala ya afya. Matajiri wa mji walihofia kuwa meya fundi angeleta fujo. Fujo hazikutokea. Powderly aliendesha ofisi kwa utaratibu, na wapiga kura wakamrudisha mara mbili zaidi. Aliongoza vipindi vitatu vya miaka miwili miwili, hadi mwaka 1884.

Chama kilichofungua milango

Akiwa meya, Powderly alibeba pia mzigo mwingine. Mwaka 1879 alichaguliwa mkuu wa Knights of Labor, yaani Mashujaa wa Kazi, chama kilichoanzishwa na washonaji wachache wa nguo mjini Philadelphia mwaka 1869 chini ya Uriah Stephens.

Vyama vingi vya wakati huo viliandikisha mafundi wa kazi moja tu. Knights of Labor kilipokea fundi na kibarua, mchimbaji na mshonaji, mkulima na hata mwenye duka dogo, ili mradi robo tatu ya wanachama wa tawi wawe watu wanaoishi kwa ujira. Waliokatazwa kabisa ni mabenki, madalali wa hisa, wanasheria, wacheza kamari na wauza pombe.

Wanawake walianza kupokelewa mwaka 1881. Wamarekani weusi walijiunga kwa maelfu, jambo lisilo la kawaida katika nchi iliyokuwa imefuta utumwa mwaka 1865 tu. Katika mkutano mkuu wa Richmond, Virginia, mwaka 1886, hoteli moja ilimkataa mjumbe mweusi kutoka New York, Frank Ferrell. Powderly aliamua kuwa Ferrell ndiye atakayemkaribisha jukwaani, na ikawa hivyo, ingawa magazeti ya Kusini yalimshambulia.

Hata hivyo, mlango huo haukuwa wazi kwa wote. Powderly aliunga mkono kufungiwa kwa wahamiaji wa Kichina, na hakubadili msimamo huo hata baada ya Septemba 1885, wachimbaji 28 wa Kichina walipouawa na wachimbaji weupe huko Rock Springs, Wyoming. Doa hilo limebaki kwenye jina lake hadi leo.

Mwanzoni chama kiliendeshwa kwa siri, na kanisa Katoliki halikupenda viapo vya siri. Powderly, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, alisukuma kiapo kiondolewe na jina la chama litangazwe. Mwaka 1887 Kadinali Gibbons wa Baltimore alikitetea chama mjini Roma, na hatari ya waumini kukatazwa kujiunga ikapita.

Ushirika badala ya mgomo

Watu wengi waliojiunga walitaka nguvu ya kugoma. Powderly aliamini vingine. Kwake yeye, mgomo ulikuwa kama dawa ya kutuliza maumivu. Hata ukifanikiwa, mfanyakazi anarudi kesho yake katika karakana ya mtu mwingine. Alitaka wafanyakazi wakusanye mitaji yao midogo, wanunue migodi, viwanda na maduka, kisha wagawane faida. Vyama vya ushirika vya walaji vilikuwa vimeonyesha njia Uingereza tangu duka la Rochdale lilipoanzishwa mwaka 1844.

Kauli yake haikubaki maneno matupu. Katika miaka ya 1880, matawi ya Knights of Labor yalianzisha zaidi ya ushirika 100 wa uzalishaji. Migodi ilikuwa mingi, wakifuatiwa na watengeneza mapipa na washona viatu. Yalikuwapo pia maduka ya vyakula ya ushirika katika miji mingi.

Mgodi wa Cannelburg ulikuwa wa pekee, kwa sababu ulimilikiwa na chama chenyewe badala ya tawi. Ndiyo maana kisa chake kinafaa kutazamwa kwa makini.

Baada ya miezi tisa ya kusubiri, kampuni ya reli iliunganisha njia. Hapo ndipo mambo mengine yalipojitokeza. Kwanza, ilibainika kuwa makaa yale yalifaa kutengenezea gesi tu, na mikataba ya kuuza makaa ya aina hiyo ilifungwa mwezi Julai. Msimu ulikuwa umepita, na kulikuwa na miezi mingine tisa ya kungoja. Pili, chama kiliambiwa kinunue injini yake ya kuvuta mabehewa kutoka mgodini hadi njia kuu, kwa gharama ya dola 4,000 zaidi. Tatu, kulikuwa na mshindani jirani aliyeupiga vita mgodi huo tangu ulipofunguliwa.

Fedha zilikuwa zimekwisha. Mgodi uliotarajiwa kuwa mfano kwa nchi nzima hatimaye ukatoka mikononi mwa chama.

Ushirika mwingine ulikufa kwa sababu zinazofanana. Wenye viwanda waliwashawishi wauzaji wa jumla wasiupe malighafi. Benki zilisita kukopesha, na zilipokopesha zilitaka riba kubwa na kiwanda kuwekwa rehani. Lakini si makosa yote yalitoka nje. Mara nyingi meneja alichaguliwa kwa kupendwa badala ya kujua kazi, wanahisa waligombana, na hesabu hazikuwekwa sawasawa. Mali bila daftari huisha bila habari, na hilo lilikuwa kweli Marekani ya mwaka 1885 kama lilivyo kweli popote.

Powderly mwenyewe hakuwa na muda wa kusimamia. Alikuwa anajibu barua zisizo na idadi, anasafiri kwa treni usiku na mchana, afya yake haikuwa nzuri, na kwa miaka kadhaa alikuwa meya pia. Alihubiri ushirika kila mahali, lakini makao makuu ya chama hayakujenga mfuko wa mtaji wa kutosha wala kikosi cha wakaguzi na mameneja waliofunzwa.

Mwaka wa kupanda na kuanguka

Kejeli ya historia ni kwamba kiongozi asiyependa migomo alipata umaarufu kwa mgomo. Mwaka 1885 wafanyakazi wa reli ya Wabash, iliyokuwa chini ya tajiri Jay Gould, waligoma. Gould aliyeogopwa na wote alikubali kukutana na Powderly na kuahidi kuwa wanachama hawatabaguliwa kazini.

Habari hizo zilisambaa kama moto. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 100,000 mwaka 1885 kilifikisha zaidi ya 700,000 mwaka 1886. Watu walijiunga kwa kasi kuliko uwezo wa chama kuwaandikisha, kuwaelimisha na kukusanya ada.

Machi 1886 mgomo mwingine ulizuka katika reli za Gould upande wa kusini magharibi, baada ya mwanachama mmoja kufukuzwa kazi huko Texas. Safari hii Gould alikuwa amejiandaa. Hadi mwanzoni mwa Mei, wafanyakazi walikuwa wameshindwa vibaya.

Mei 4 mwaka huohuo bomu lilirushwa kwa polisi katika uwanja wa Haymarket, Chicago. Chama kilianza kutazamwa kwa hofu, ingawa hakikuhusika. Powderly alikataa kuwatetea watu waliohukumiwa kunyongwa, mmoja wao, Albert Parsons, akiwa mwanachama wa Knights. Wengi hawakumsamehe.

Mwishoni mwa mwaka aliwaamuru wafanyakazi wa machinjio ya Chicago, waliokuwa wanadai siku ya kazi ya saa nane, warudi kazini. Maelfu waliona wameachwa katikati ya mapambano. Desemba 1886 vyama vya mafundi viliunda shirikisho jipya chini ya Samuel Gompers, lililoweka mkazo kwenye mishahara na saa za kazi.

Mashambani hali ilikuwa ya kutisha zaidi. Novemba 1887 vibarua wapatao 10,000 wa mashamba ya miwa huko Louisiana, wengi wao weusi, waligoma wakati wa mavuno kupitia Knights of Labor. Walitaka dola 1.25 kwa siku, tena zilipwe kwa fedha taslimu kila wiki mbili, kwa sababu waajiri waliwalipa kwa vikaratasi vilivyokubalika katika duka la shamba pekee. Novemba 23 watu wenye silaha waliwashambulia watu weusi mjini Thibodaux na kuua wengi. Mgomo ukafa, na chama kikapoteza nguvu katika mashamba hayo.

Mwaka 1890 wanachama walikuwa wamebaki kama 100,000.

Baada ya kuondolewa

Novemba 1893 Powderly aliondolewa katika uongozi, miaka 14 tangu achaguliwe. Waliomwangusha ni muungano wa wajumbe wa magharibi waliokuwa karibu na harakati za wakulima na wasoshalisti wa New York. Nafasi yake ilichukuliwa na James Sovereign wa Iowa.

Mwaka uliofuata alikubaliwa kuwa mwanasheria, taaluma ambayo chama chake kiliwahi kuipiga marufuku. Mwaka 1896 alimpigia kampeni William McKinley, na mwaka 1897 Rais huyo akamteua kuwa mkuu wa idara ya uhamiaji ya Marekani. Aliondolewa na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1902, kisha akarudishwa katika utumishi wa Serikali.

Kuanzia 1907 aliongoza kitengo cha habari cha uhamiaji. Kazi yake ilikuwa kukusanya taarifa za mahali palipohitaji watu wa kazi, hasa mashambani, na kuwafikishia wahamiaji waliokuwa wanarundikana mijini.

Mkewe Hannah alifariki mwaka 1901. Mwaka 1919 alimwoa Emma Fickenscher. Powderly alifariki Washington Juni 24, 1924, akiwa na miaka 75. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa mwaka 1940, yeye akiwa hayupo.

Funzo kwa wenye mitaji midogo

Wapo wanaomkumbuka Powderly kama kiongozi aliyeyumba, na wana sababu. Wengine wanamkumbuka kama fundi wa reli aliyewakusanya watu wa kazi zote chini ya paa moja kabla ya wengine kuthubutu. Nao wana sababu.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, sehemu ya maisha yake inayofaa kusomwa mara mbili ni ule mgodi wa Cannelburg. Wanachama walichanga, ardhi ilikuwa yao na makaa yalitoka. Lakini maswali muhimu yaliulizwa baada ya fedha kutumika: mzigo utasafirishwa na nani, kwa masharti gani, mnunuzi anafunga mikataba mwezi gani, anataka bidhaa ya aina gani, na akiba ya kuvuka kipindi cha kusubiri iko wapi.

Maswali hayo hayahitaji mtaji kuyauliza. Kikundi kinachotaka kununua mashine ya kukoboa, kujenga ghala au kulima zao jipya kinaweza kuyajibu kwa kikao kimoja na safari moja ya sokoni, kabla shilingi ya kwanza haijatoka mfukoni mwa mwanachama.